Kuku wa Idi na Ghala la Ramadhani

Bibi mmoja wa Kigombe, katika wilaya ya Muheza, ametuletea barua ndefu, nasi twaona haifai kujibiwa kwa maneno mawili matatu, kwa kuwa shida aliyoieleza si yake peke yake. Asema kwamba mumewe ni mvuvi, wana watoto watano, na mavyaa wake anakaa nao humo humo nyumbani. Kila mwaka Ramadhani huwakuta mikono mitupu. Hukopa dukani mchele, sukari, tende na mafuta. Na siku mbili kabla ya Idi hukimbilia kununua kuku kwa bei yoyote watakayotajiwa, ili watoto wasije wakakaa kuwatazama wenziwao wanavyokula. Deni hilo hulipwa kidogo kidogo hata Idi Kubwa, na mwaka jana lilikula fedha zilizokuwa zimeanza kuwekwa kwa ajili ya sare na godoro la binti yake mkubwa, aliyekuwa akingojewa katika shule ya bweni. Binti alikwenda, lakini alichelewa wiki tatu.

Bibi huyu amefikiri kuanza kununua vitu kidogo kidogo tangu Rajabu. Mavyaa wake amemkataza, akamwambia kuwa kulimbikiza chakula ni ihtikari, na ihtikari ni dhambi. Sasa anauliza: je, ni kweli? Na kama si kweli, aanze wapi?

Tuanze na hilo la mavyaa wake, kwani mtu hawezi kupanga matumizi yake ilhali moyo una shaka kwamba anafanya haramu. Mzee huyo hakukosea kuiogopa ihtikari. Mtume wetu (S.A.W.) ameikataza, na mwenye kuifanya amehesabiwa kuwa ni mkosa. Lakini yatupasa kujua ni kitu gani kilichokatazwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277), na ambaye vitabu vyake vinasomeshwa tangu zamani katika darsa za pwani hii, ameeleza katika sharhe yake ya Sahihi Muslim kwamba ihtikari iliyoharimishwa ni ya mtu anayenunua chakula wakati wa ughali kwa nia ya biashara, kisha asikiuze bali akakifungia ili bei izidi kupanda. Ama aliyenunua wakati wa urahisi akakiweka, au aliyenunua wakati wa ughali kwa kuwa anakihitaji kwa kula, huyo hayumo katika makatazo. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sayyidna Umar, kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir.

Basi mama anayeweka ndoo ya mchele uvunguni kwa ajili ya wanawe hajamdhulumu mtu. Twathubutu kusema zaidi ya hapo: anayenunua Rajabu amejitoa katika msongamano wa wiki ya mwisho ya Shaabani, na jirani yake asiye na uwezo wa kutangulia humpatia nafasi. Mwenye haja ya kuogopa ni yule anayefungia magunia ilhali watu wanayatafuta, na huyo twamjua, wala si mama wa watoto watano wa Kigombe. Tunamwomba mavyaa atusamehe kwa kupingana naye. Hofu yake ni hofu ya mcha Mungu, ila imemwangukia asiyestahili.

Sasa tulitazame deni lenyewe. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kuhesabia tu, si bei za soko. Nyumba ya watu wanane yaweza kula mchele kilo moja na nusu kwa siku, yaani kilo 45 kwa mwezi, na sukari nusu kilo, yaani kilo 15, na mafuta lita 6. Ikiwa mwenye duka anaongeza shilingi 300 kwa kila kilo anayokopesha, na shilingi 500 kwa kila lita, basi nyumba hiyo imelipa 13,500 katika mchele, 4,500 katika sukari na 3,000 katika mafuta, jumla 21,000. Fedha hizo, kwa bei za miaka hii, hukaribia bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Kuku wa Idi amekwisha kuliwa na daftari la deni kabla hajanunuliwa. Hatusemi kwamba mwenye duka amekula riba. Maadamu bei imekubaliwa mwanzoni wala haiongezwi kwa kuchelewa, wanazuoni wengi wameiruhusu biashara hiyo. Twasema tu kwamba si lazima.

Kisha kuna jambo jingine ambalo watu wa Kigombe wanalijua kuliko sisi, lakini hawalitumii katika kupanga jungu lao. Kigombe ni kijiji cha wavuvi kusini ya mji wa Tanga, katika njia ya Pangani. Ufuo wake umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wataalamu wa dunia nzima walikuja kumtazama baada ya wavuvi wetu kuanza kumtoa katika nyavu zao tangu miaka ya 2003 na 2004. Samaki huyo ni fahari ya pwani, walakini hana kazi katika chungu cha futari, na kwa kweli amelindwa na sheria. Anayekiendesha kijiji ni dagaa. Na dagaa, enyi wasomaji, anafuata mwezi kama sisi tunavyoufuata.

Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Usiku ukiwa wa giza, taa huonekana mbali na dagaa hujikusanya chini yake wakazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu nuru yake huenea juu ya maji, taa haina maana tena, na vyombo vingi hupumzika. Sasa hesabu. Giza lenye faida huanza kiasi cha tarehe 20 na kitu za mwezi wa Kiislamu, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza, likaendelea mpaka siku za mwanzo za mwezi unaofuata, ambapo mwezi ni mwembamba na huzama mapema. Kwa hiyo mwisho wa Shaabani na siku 7 au 8 za kwanza za Ramadhani ni siku za dagaa. Kumi la katikati ni la mwanga, dagaa huadimika na bei yake hupanda. Kumi la mwisho giza hurudi, mpaka Idi. Mtu hahitaji kuuliza mtabiri. Kalenda ya msikiti inamwambia ni lini anunue dagaa na ni lini asinunue.

Basi bibi wetu, ambaye mumewe ni mvuvi na pengine hupewa kitoweo bure, afanye hivi: katika giza la Rajabu na giza la Shaabani achukue dagaa zaidi ya wa kula siku ile, awachemshe kwa maji ya chumvi kama wanavyofanya wenziwe pale ufukoni, awaanike juu ya chanja wakauke hata wavunjike mkononi, kisha awatie katika chombo kikavu chenye kufunika. Hao ndio kitoweo cha kumi la katikati. Anayenunua mnadani pwani naye afahamu kwamba asubuhi wachuuzi wa mjini wanapokuwapo bei ni ya ushindani. Siku ambayo vyombo vingi vimerudi vimejaa, na jua limepanda, na wachuuzi wamekwisha kujaza ndoo zao, muuzaji huogopa kuharibikiwa, na hapo maneno hulainika. Lakini asichukue aliyeanza kunuka kwa sababu ni rahisi. Na mvua za masika zikikaribia, asitegemee jua la kuanikia. Dagaa aliyekauka nusu huota ukungu ndani ya siku chache.

Na katikati ya mwezi, dagaa wakiadimika, bahari haikufunga milango yote. Mwezi mpevu huleta bamvua. Maji hutoka mbali, miamba hubaki wazi, na wanawake na vijana hutoka na vijiti vyao kutafuta pweza. Bamvua la katikati ya mwezi ni la pweza, na mama mwenye akili atakuwa amejua tangu mwanzo kwamba futari ya tarehe 15 na 16 ni muhogo kwa pweza wa nazi, wala si muhogo kwa dagaa wa bei mbaya. Twaona ajabu kwamba watu wanaojua maji mafu na maji ya bamvua kama wanavyoyajua majina ya watoto wao, wanapofika katika matumizi ya nyumba hununua kana kwamba siku zote ni sawa.

Yapo mambo mengine ambayo hayafuati mwezi bali yanafuata jua, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 10 au 11, na kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma katika majira. Mwaka 2026 iliangukia Februari na Machi. Mahindi ya masika katika mkoa wetu huvunwa kiasi cha Julai na Agosti. Kufika Februari ghala nyingi zimebaki mavumbi, na bei ya unga iko juu hata kama isingekuwa Ramadhani. Watu husema wafanyabiashara wamepandisha kwa sababu ya mwezi mtukufu, na wako wafanyao hivyo, lakini si lawama yote ni yao. Miaka hii mfungo umekutana na msimu wa uhaba. Mwenye kutaka mahindi ya Ramadhani na ayanunue Agosti, ayaanike sana, ayahifadhi katika ile mifuko yenye tabaka za nailoni isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi bila ya dawa yoyote. Mfuko ukiisha kufungwa usifunguliwe kila siku kuchungulia. Tena ajue mapema kwamba mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa miladi, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba, na nyumba inayohesabu mapato yake kwa miaka ya miladi italazimika kupanga Ramadhani mbili na Idi Ndogo moja, kwani ile ya pili itaangukia 2031.

Sukari nayo ina hesabu yake. Viwanda vya sukari vya nchi hii husimama wakati wa masika, kwa kuwa miwa haivuniki katika mvua na mitambo hutengenezwa wakati huo. Mvua zikizidi, viwanda husimama kabla ya wakati, na ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipoharibu mavuno. Januari mwaka huo Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja baina ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kwa kutegemea mikoa. Hata hivyo sehemu nyingi sukari ilipita 4,000, na Ramadhani iliingia Machi watu wakiwa bado wanalalamika. Aliyekuwa ameweka kilo 10 tangu Novemba hakusikia kitu. Sukari haiozi, adui yake ni unyevu wa pwani, ambao huigandisha kama jiwe. Itiwe katika ndoo yenye mfuniko wa kubana, iwekwe mbali na mtungi wa maji. (Na kama nusu kilo kwa siku imekuonekea kidogo kwa watu wanane, basi kalimati zako zina sukari kuliko inavyofaa.)

Vitu vyake vingine tutavipitia kwa haraka. Tende hukaa muda mrefu zikihifadhiwa pakavu, nazo huwa rahisi kabla ya Shaabani kuliko ndani yake. Viungo vinunuliwe vizima, vitwangwe kwa haja ya siku, kwa kuwa bizari iliyosagwa hupoteza harufu na mara nyingi huchanganywa. Kunde na choroko zianikwe jua kali kabla ya kuwekwa. Nazi ihifadhiwe na makumbi yake. Muhogo usinunuliwe kwa akiba kabisa, kwa kuwa ukichimbwa hauzidi siku mbili tatu. Ghala la muhogo ni ardhi, na mwenye kipande cha shamba apande masika hii ili achimbe Ramadhani ijayo.

Twamkumbusha pia asisahau zaka ya fitri, kwani watu wengi huihesabu usiku wa Idi wakati mifuko imekwisha kukung'utwa. Ni pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Wengi hukadiria kilo 2½ hadi 3 za mchele. Watu wanane ni kilo 20 hadi 24. Hiyo si nyongeza ndogo, na ikinunuliwa pamoja na mchele wa mwezi mnamo Rajabu huwa imenunuliwa kwa bei ya Rajabu. Itengwe peke yake katika mfuko ulioandikwa, isije ikapikwa tarehe 25.

Fedha za kununulia mapema zitoke wapi? Hapo ndipo bibi wetu atakaponiuliza, na ana haki. Mtu asiye na kitu hawezi kutangulia sokoni. Jawabu letu ni upatu, ule wa mama zetu, usio na riba wala faini. Wanawake kumi wa mtaa mmoja wakitoa shilingi 2,000 kila wiki tangu Mfunguo Nne mpaka mwisho wa Rajabu, hizo ni kiasi cha wiki 30, na kila mmoja ana shilingi 60,000 mkononi. Lakini kumi hao wakienda kwa pamoja wana 600,000, na huyo ni mnunuzi wa jumla. Wanaweza kwenda soko la Mgandini mjini Tanga wakanunua kwa gunia na kwa mfuko wa kilo 50, wakagawana kwa mizani mbele ya wote. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukigawiwa watu watano ni kilo 10 kila mmoja, kwa bei ambayo asingeipata akinunua kilo moja moja. Nauli igawanywe. Mizani iwe ya kweli, kwani dhulma ya kipimo haibadiliki kuwa halali kwa kufanywa na mashoga. Na tafadhali, upatu huo usikabidhiwe mtu mmoja kuuweka bila ya kuandikwa; tumekwisha kupokea barua za kutosha juu ya hilo.

Adui mkubwa wa fedha hizo, tuseme wazi, ni vunja jungu. Wako watu wanaotumia katika siku mbili za mwisho wa Shaabani chakula ambacho kingewatosha futari za wiki nzima, wakaingia mwezini wakiwa na deni la sherehe ya kuuaga ulaji. Desturi ya kukutana na jamaa si mbaya. Lakini aliyekopa ili avunje jungu amelivunja kweli kweli.

Tumfikie kuku. Kwa nini bei yake hupaa siku mbili kabla ya Idi? Kwa sababu kuku waliopo mtaani siku ile ni wale wale. Hawawezi kuongezeka kwa siku mbili, na wanunuzi wote wamekuja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na watoto nyumbani wanaongojea. Huko Marekani wanayo siku yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ambayo nyumba nyingi hula bata mzinga. Ungedhani ndege huyo huwa ghali wiki hiyo, kumbe madukani mara nyingi huwa rahisi kuliko siku zote. Sababu ni mbili. Ndege hao hufugwa na kugandishwa kwa barafu miezi kabla, kwa hiyo wako wa kutosha. Na wenye maduka makubwa hukubali kumwuza hata kwa hasara, kwa kujua kwamba aliyeingia kumfuata bata atatoka na kikapu kilichojaa vitu vingine, na humo ndimo faida yao ilimo. Hila hiyo imekwisha kufika miji yetu: utaona kibao cha sukari rahisi mlangoni, na ndani tende zimepanda. Dawa yake ni kuingia na karatasi iliyoandikwa, na kutoka na yaliyoandikwa.

Sisi hatuna majumba ya barafu Kigombe, lakini somo la kwanza twaweza kulichukua: ndege wa sikukuu hutayarishwa miezi kabla. Kuku wa kienyeji huatamia siku 21, na kifaranga huhitaji miezi mitano sita kuwa kuku wa kuchinjwa. Ukirudi nyuma kutoka Idi Ndogo utaona kwamba kuku wa Idi huanza siku za Maulidi. Mama akiatamisha tetea mmoja baada ya tarehe 12 Mfunguo Sita, vifaranga hutoka mwanzo wa Mfunguo Saba, na kufika Mfunguo Mosi jogoo wake wamekuwa wa kutosha. Tetea mmoja, mayai kumi. Hata wakibaki watatu, amekula mmoja Idi, amempa mmoja jirani au amemwuza kwa bei ile ile iliyokuwa ikimwumiza, na amebakiza mmoja.

Wakibaki watatu, tumesema, kwa kuwa mwewe yupo na kideri yupo. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, humaliza banda zima katika siku chache, na mara nyingi hupiga wakati wa kiangazi. Hakina dawa, ila kina chanjo ya kutonesha jichoni, na ni rahisi mno ukilinganisha na bei ya kuku mmoja. Wachanjwe kila miezi mitatu wakiwa wazima, si baada ya kuanza kusinzia. Majirani wachanje siku moja, kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi na ikifunguliwa haiwekeki. Na kuku anayeuzwa ghafla kwa bei ya kutupa, mabawa yameanguka na kinyesi ni cha kijani, usimnunue. Si urahisi huo, na akikufia njiani ni mzoga.

Watu wa Kigombe wana shida yao pekee: kuku wao huokota mabaki ya dagaa pwani, na nyama hunuka samaki. Mabaki hayo huwanenepesha vizuri, wala hatuyakatazi. Ila wiki mbili kabla ya Idi wafungiwe, wapewe pumba, mahindi na majani. Wazee wetu walikuwa wakimfunga kuku siku tatu kabla ya kumchinja ili asafike na uchafu alioula, na desturi hiyo ina asili yake katika vitabu vya dini. Kwa kuku wa pwani twaona siku tatu ni kidogo.

Asiyeweza kungoja tangu Maulidi anaweza kununua vifaranga vya kisasa, vya nyama, mnamo tarehe 20 Shaabani. Kufika Idi wana karibu wiki sita, na huo ndio umri wao. Lakini hao hula chakula cha dukani kila siku, nao watakula katika mwezi ambao mfuko umekwisha kubanwa. Ahesabu gharama ya chakula chao kabla ya kuhesabu nyama. Kwa nyumba moja twaona hawafai. Kwa nyumba tano zilizoshirikiana, wanafaa.

Idi Kubwa tuiguse kidogo, maana bibi hakuiuliza. Mbuzi wa kuchinja, kwa madhehebu yetu ya Shafii, awe ametimiza miaka miwili, na asiwe kiwete, wala chongo, wala mgonjwa, wala aliyekonda kwa kudhihiri. Meno humtambulisha: mbuzi wa miaka miwili huwa na meno kama manne makubwa ya mbele, na aliye na mawili bado ni mdogo. Wanaoletwa kutoka Handeni na Kilindi hununuliwa kwa nafuu zaidi mnamo Mfunguo Mosi, watu wakiwa wamechoka na matumizi, wakafungwa uani kwa majani na maganda. Na ng'ombe mmoja huwatosha watu saba, jambo ambalo mitaa yetu inalisahau kila mwaka.

Mwisho wa barua yake bibi ametuuliza, kwa mzaha nadhani, kama hafanyi vibaya kutamani bata mzinga, kwa kuwa mtoto wake wa tatu amemwona kwa jirani na hasemi neno jingine. Hafanyi vibaya, ni ndege wa halali na nyama yake ni nyingi, mmoja huwatosha watu wanane na mgeni. Mayai yake huatamiwa siku 28, na tetea wa kawaida mwenye mwili mkubwa aweza kuwekewa machache akayaatamia kama yake. Vifaranga vyake ni dhaifu katika baridi na mvua, hupumbaa hata kwenye chakula, na wiki za kwanza huhitaji kuonyeshwa pa kula. Wawekewe vifaranga viwili vya kuku wawafundishe. Kama jirani yake atakubali kumwuzia mayai matano, ayaweke siku za Maulidi, na mtoto wake wa tatu apewe kazi ya kuwachunga wasinyeshewe.